Kasi na Joto Magharibi mwa Kenya: Historia ya Kupoza Mashine kutoka Kinu cha Posho hadi Kichakataji

Wadi ya Bokoli, katika eneo bunge la Webuye Magharibi, Kaunti ya Bungoma, imo katika nchi ya mahindi na miwa inayopanda polepole kutoka bonde la Mto Nzoia kuelekea miteremko ya Mlima Elgon, na uhusiano wake na miji ya Bungoma, Webuye na Kitale ndio ulioipa, kwa takriban miaka mia moja, nafasi ya kukutana na aina nyingi za mashine zilizoingia magharibi mwa Kenya. Historia ya mashine hizo kwa kawaida husimuliwa kwa upande wa kazi zilizofanya: reli ilisafirisha nafaka, kinu kilisaga unga, kompyuta ilihesabu na kuandika. Upande wa pili wa historia hiyo, ambao haujapata waandishi wengi, unahusu joto, kwa kuwa hakuna mashine inayofanya kazi bila kutoa joto, na hakuna jamii iliyotumia mashine kwa muda mrefu bila kuamua ni nani atakayebeba jukumu la kuliondoa.

Suala hilo hujitokeza kwa ukali zaidi pale ambapo mwenye kompyuta mpya ya mezani, aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipuri, anataka kuzidisha kasi ya kichakataji chake. Kichakataji, ambacho mafundi wengi hukiita prosesa, ni kipande cha silikoni kinachotekeleza amri za kompyuta kwa kufuata mapigo ya saa ya umeme; mapigo hayo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mapigo katika sekunde moja, na kuzidisha kasi ni kukilazimisha kichakataji kwenda kwa mapigo mengi kuliko yale yaliyoidhinishwa na kiwanda. Kila pigo lina gharama yake ya umeme, na umeme wote unaoingia katika kichakataji huishia kuwa joto. Hoja ya insha hii ni kwamba katika nchi iliyo kati ya Bungoma na Kitale ufundi wa kudhibiti joto hilo ulikua kwa njia tofauti na ule wa Marekani na Ulaya: huko ulienea kama njia ya kujipatia kasi ambayo haikulipiwa, ilhali huku ulienea kama njia ya kuirudisha kasi iliyokwisha kulipiwa na kisha kupotelea katika vumbi na uchakavu.

Maji, mvuke na dizeli

Mashine kubwa za kwanza katika eneo hili zilikuja na reli. Njia kuu ya kwenda Uganda ilipita Eldoret, Broderick Falls, ambayo leo ni Webuye, na Bungoma, na tawi la kwenda Kitale, mji uliokuwa kitovu cha walowezi wa Trans Nzoia, lilifika mwaka 1926. Garimoshi la mvuke lilikuwa mashine ya joto kwa maana kamili, na upatikanaji wa maji njiani ulikuwa sharti la uendeshaji wake. Jukumu la kusimamia joto hilo lilikuwa la shirika la reli peke yake, kwa kuwa mkulima wa Bokoli aliyepakia gunia la mahindi hakuwa na sababu ya kujua kiasi cha maji kilichobaki katika bwela.

Hali ilibadilika kwa kuja kwa kinu cha posho. Injini za dizeli za kusimama mahali pamoja, kama zile zilizotengenezwa na kampuni ya Lister katika mji wa Dursley nchini Uingereza, zilienea Afrika Mashariki kwa sababu zilikwenda polepole, zilidumu, na fundi wa kijijini aliweza kuzifungua. Nyingi zilipozwa kwa maji ya tangi au pipa lililosimamishwa kando ya injini na kuunganishwa nayo kwa mabomba mawili. Maji yaliyopata moto ndani ya injini yalikuwa mepesi zaidi, hivyo yalipanda kwa bomba la juu na kuingia pipani, na maji baridi yalishuka kwa bomba la chini na kuchukua nafasi yake, bila pampu yoyote. Mwenye kinu alijifunza kwa uzoefu kwamba pipa likipungua maji injini hupata moto kupita kiasi, na kwamba siku ya foleni ndefu injini huhitaji kupumzishwa. Hapa, pengine kwa mara ya kwanza, usimamizi wa joto la mashine ulitoka mikononi mwa shirika na kuwa kazi ya mtu binafsi aliyeishi karibu na wateja wake.

Viwanda vilivyofuata viliendeleza pande zote mbili za urithi huo. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji mjini Webuye mwaka 1974, kikitegemea maji ya Mto Nzoia, na kiwanda cha sukari cha Nzoia kilifuata kabla ya muongo huo kwisha. Wafanyakazi wa viwanda hivyo walizoea vipimo vya joto, vali na feni kubwa kama sehemu ya kazi ya kila siku, na kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009 waliobeba ujuzi wa namna hiyo walilazimika kuutafutia riziki mahali pengine.

Chumba chenye baridi

Kompyuta za kwanza za Afrika Mashariki zilifika miaka ya 1960, nazo zilirudisha jukumu la joto katika mikono ya taasisi kubwa. Ulimwenguni zilikwisha kujulikana kwa tatizo hilo tangu mwanzo: ENIAC, iliyotangazwa nchini Marekani mwaka 1946, ilikuwa na vali za umeme zinazokaribia 18,000 na ilitumia takriban wati 150,000, kiasi kwamba mfumo wa feni wa kuipoza ulikuwa sehemu ya usanifu wake. Transista, kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima mkondo wa umeme bila nyuzi zinazowaka kama zile za vali, ilipunguza joto la kila sehemu, lakini mashine nzima bado ilihitaji chumba chake.

Mashine zilizoingia Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa za aina hiyo. Tanzania ilipokea kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za serikali katika kompyuta kushindwa, serikali iliamua mwaka 1974 kupiga marufuku uingizaji wa vifaa hivyo isipokuwa kwa kibali maalumu. Kenya haikuchukua hatua hiyo. Mashirika makubwa na idara za serikali ziliendelea kutumia kompyuta, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi yake ya sayansi ya kompyuta mwaka 1977 kikiwa na mashine ya kampuni ya Uingereza ya ICL. Mashine za kizazi hicho ziliwekwa katika vyumba vyenye viyoyozi, na watu wachache tu ndio walioruhusiwa kuingia. Kwa mkazi wa Bokoli au Kitale, kompyuta ilikuwa kitu kilichotoa bili na orodha za mishahara kutoka mji wa mbali, na joto lake, kama lile la garimoshi, halikuwa shauri lake.

Umeme wenyewe, ambao bila huo hapangekuwa na kompyuta ya kupozwa, ulipita karibu na eneo hili kabla ya kulihudumia. Bwawa la Owen Falls, mjini Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na miaka michache baadaye Kenya ilianza kupokea umeme wa Uganda kwa njia iliyovuka mpaka Tororo, upande wa magharibi wa Bungoma, na kuelekea Nairobi. Mpango wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, lakini kaya nyingi zilisubiri hadi mradi wa kuunganisha wateja wa mwisho wa laini ulipoanza mwaka 2015. Kwa hiyo kompyuta ya mezani iliwahi kufika mijini, yaani Kitale, Bungoma na Webuye, miaka mingi kabla ya kufika katika nyumba nyingi za vijiji vya karibu.

Kasi ya ziada na hesabu yake

Kompyuta binafsi ilipotokea, joto lilionekana kana kwamba limesahaulika. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia kichakataji cha Intel 8088 kilichokwenda kwa megahezi 4.77, yaani mapigo milioni 4.77 kwa sekunde, na kichakataji hicho kilikaa wazi juu ya ubao mama, ambao ndio ubao unaounganisha sehemu zote za kompyuta, bila feni wala kipande cha chuma cha kukipoza. Upoaji huo wa bure ndio uliofungua mlango wa kuzidisha kasi. Mashine ya IBM iliyofuata, PC AT ya mwaka 1984, ilipata mapigo yake kutoka kwa fuwele ya megahezi 12 ambayo mashine iliigawa kwa mbili ili kupata 6. Watumiaji waligundua kwamba fuwele hiyo ingeweza kung'olewa na kuwekwa ya megahezi 16, na mashine ikaenda kwa 8. IBM ilijibu kwa kuweka katika matoleo ya baadaye programu iliyopima kasi na kuikataa mashine iliyochezewa, na tangu hapo mvutano kati ya kiwanda na mnunuzi kuhusu mwenye haki ya kuamua kasi haukuisha.

Mvutano huo ulifikia kilele chake miaka ya 1998 hadi 2001. Kichakataji cha bei nafuu cha Intel, Celeron 300A cha mwaka 1998, kiliuzwa kwa megahezi 300, lakini kwa kupandisha mapigo ya ubao mama kutoka megahezi 66 hadi 100, vipande vingi vyake vilikwenda kwa 450 na kukaribia vichakataji vya bei kubwa zaidi. Wenye vichakataji vya Athlon vya kampuni ya AMD waliunganisha kwa penseli vidaraja vidogo vya umeme vilivyokatwa kiwandani, kwa kuwa kaboni ya penseli hupitisha umeme, na kwa njia hiyo wakafungua kufuli ya kasi.

Gharama ya ushindi huo ilikuwa joto, na kanuni yake ni rahisi kuieleza. Umeme unaotumiwa na saketi za kichakataji zinapowashwa na kuzimwa hulingana na idadi ya mapigo ikizidishwa kwa mraba wa volti. Mtu akiongeza mapigo kwa asilimia 50 bila kugusa volti, joto huongezeka kwa takriban asilimia 50. Lakini kasi kubwa mara nyingi hudai volti zaidi ili hesabu zisikosewe, na volti ikiongezwa kwa asilimia 10 tu pamoja na asilimia 50 ya mapigo, joto hupanda kwa asilimia zipatazo 80. Kanuni hiyo husomeka pia kwa upande wa pili, nao ndio ulio na faida zaidi kwa mwenye mashine ya kawaida: volti ikipunguzwa kwa asilimia 10 huku kasi ikibaki palepale, joto hupungua kwa karibu moja ya tano.

Viwanda vyenyewe viligonga ukuta huo mwaka 2004. Toleo la Pentium 4 lililoitwa Prescott lilitoa joto lililozidi wati 100 kutoka eneo la silikoni lililo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na katika mwaka huohuo Intel ilifuta toleo la gigahezi 4 pamoja na mradi wa Tejas uliokusudiwa kulirithi. Kuanzia mwaka 2005 njia iliyochaguliwa ilikuwa kuweka vichakataji viwili, na baadaye vinne na zaidi, ndani ya kipande kimoja, kila kimoja kikienda kwa kasi ya wastani. Kupandisha mapigo tu kama njia ya maendeleo ya sekta nzima kulikoma kwa sababu ya joto.

Mafundi wa Bungoma na Kitale

Wakati mvutano huo ukiendelea ng'ambo, magharibi mwa Kenya palikuwa tayari na kundi la watu waliofahamu joto la elektroniki, nao walikuwa mafundi wa redio na wa vikuza sauti. Kikuza sauti cha sherehe, cha kanisa au cha disko matanga, ambayo ni muziki wa usiku kucha katika mikesha ya mazishi, hufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo na hutumia transista kubwa zinazopata moto. Fundi wa vyombo hivyo alilazimika kujua mambo matatu: kwamba transista hufungwa juu ya bamba la alumini lenye mapezi ili joto lisambae katika eneo kubwa, kwamba kati ya transista na bamba hupakwa pesti nyeupe, na kwamba kisanduku lazima kiwe na matundu. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa kupoza kichakataji pia, na fundi aliyehama kutoka redio kwenda kompyuta hakuhitaji kuanza upya.

Pesti hiyo inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Nyuso mbili za chuma zikigusana huonekana kuwa zimeshikana, lakini kwa kweli zina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho ambamo hewa hubaki, na hewa hupitisha joto vibaya mno: shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa tulivu. Pesti, ambayo kwa kawaida ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga wa oksidi ya zinki au ya metali nyingine, haiwezi kushindana na shaba, lakini hupitisha joto mara nyingi zaidi kuliko hewa inayoiondoa. Ikikauka na kupasuka baada ya miaka kadhaa ya kupashwa moto na kupoa, hewa hurudi, na kichakataji hupata moto hata kama feni yake inazunguka vizuri.

Mashine zilizofika katika karakana za Kitale na Bungoma kuanzia miaka ya 2000 ndizo hasa zilizokabiliwa na tatizo hilo. Nyingi hazikuwa mpya: zilikuwa kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika Ulaya, ambazo soko la Kenya lilizijua kwa jina la "ex-UK", na nyingine zilifika shuleni kupitia miradi ya kukarabati mashine zilizotumika, kama ule wa shirika la Computers for Schools Kenya lililoanzishwa mwaka 2002. Mashine za ofisi za namna hiyo kwa kawaida hazina mahali pa kubadilishia mapigo ya kichakataji, kwa kuwa mtengenezaji huifunga mipangilio hiyo. Kwa hiyo kuzidisha kasi kwa maana ya Celeron 300A hakukuwa na nafasi kubwa. Mahali pake palishikwa na kazi nyingine.

Tangu Pentium 4, vichakataji vya Intel vimekuwa na kinga ya ndani inayopima joto na kupunguza kasi pale joto linapokaribia kikomo, na kinga za namna hiyo zikawa kawaida kwa vichakataji vyote. Kinga hiyo iliokoa silikoni nyingi, lakini ilileta hasara isiyo na kelele, kwa kuwa kompyuta iliyojaa vumbi haikuungua wala kuzima, bali ilipungua kasi huku mwenyewe akidhani kwamba imezeeka au imeingiwa na virusi. Katika saiba, yaani duka la huduma za intaneti, ambapo mashine huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, hasara hiyo ilikuwa ya fedha. Baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, na hasa serikali ilipohamishia kodi, maombi ya vyuo na huduma za vyeti katika mtandao miaka ya 2010, saiba za miji midogo zilipata wateja wa kudumu ambao hawakuwa na subira ya mashine inayojikokota. Fundi aliyefungua kisanduku, akapuliza vumbi kwa blowa, akafuta pesti iliyokauka na kupaka mpya, mara nyingi aliirudisha mashine katika kasi yake bila kubadilisha kipuri hata kimoja.

Vumbi lenyewe lilikuwa la mahali. Barabara za murram hutoa vumbi jekundu laini wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na vumbi hilo likikutana na moshi wa kuni au mafuta ya jikoni hushikamana na mapezi ya alumini kama utandu ambao feni haiwezi kuupenya. Umeme wa mwisho wa laini nao uliongeza uzito wa tatizo: volti ya njia kuu, ambayo nchini Kenya hukusudiwa kuwa 240, inapoporomoka, kipeleka umeme cha kompyuta huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kutoa nguvu ileile, na sehemu zake hupata moto zaidi ndani ya kisanduku kilekile.

Mwinuko uliosahaulika

Jambo moja linalolitofautisha eneo hili na karibu miongozo yote ya kuzidisha kasi iliyoandikwa ng'ambo ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Bungoma iko kwenye mita zipatazo 1,400 na Kitale kwenye mita zipatazo 1,900, na hali ya hewa ya Kitale, ambayo wastani wake wa mwaka ni takriban nyuzi 19 za Selsiasi, humfanya mtu adhani kwamba kupoza mashine huko ni kazi nyepesi kuliko Mombasa, ambako wastani ni takriban nyuzi 27. Fizikia ya hewa hupunguza faida hiyo. Feni husukuma ujazo uleule wa hewa popote ilipo, lakini joto hubebwa na uzito wa hewa, na kwa kulinganisha na pwani kwenye halijoto ileile, hewa ya Bungoma imepungua uzito kwa karibu asilimia 15 na ya Kitale kwa karibu asilimia 20.

Mfano wa hesabu utaonyesha maana yake. Kichakataji ambacho, kikifanya kazi nzito Mombasa, hupanda nyuzi 50 juu ya joto la hewa kitafika nyuzi 77. Kipoza joto kilekile kikipelekwa Kitale kitaruhusu mpando wa kati ya nyuzi 55 na 60, kwa sababu sehemu ya njia ya joto, yaani pesti na chuma, haibadiliki lakini sehemu ya hewa hudhoofika, na jumla itakuwa kati ya nyuzi 74 na 79. Ubaridi wa Kitale, kwa maneno mengine, huliwa karibu wote na wepesi wa hewa yake. Wahandisi wa vituo vya data wanalijua jambo hili: miongozo ya jumuiya ya Marekani ya wahandisi wa viyoyozi, ASHRAE, hupunguza kikomo cha joto la chumba kwa nyuzi moja kwa kila mita 300 zinazozidi takriban mita 900 kwa aina za kawaida za seva, jambo ambalo kwa Kitale lina maana ya nyuzi zaidi ya tatu.

Kutokana na hayo, mtu anayeunganisha kompyuta mpya Bokoli leo na kutaka kuizidisha kasi hawezi kunakili tu vipimo vya mtu wa London au Chicago, ambayo ni miji ya nyanda za chini. Utaratibu unaofaa ni ule uliokwisha kuzoeleka kwa mafundi makini kila mahali, lakini kwa pembe pana zaidi ya usalama: kuchagua kipoza joto chenye mapezi makubwa na mabomba ya joto, ambayo ni mirija iliyofungwa yenye kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa kimiminika upande wa baridi, kuweka chujio la vumbi kwenye matundu ya kuingizia hewa na kulisafisha mara kwa mara wakati wa kiangazi, kupandisha mapigo kidogo kidogo, na baada ya kila hatua kuitwika mashine kazi nzito kwa programu kama Prime95, iliyotokana na mradi wa kutafuta namba tasa kubwa ulioanza mwaka 1996, na kufanya jaribio la mwisho alasiri ya Januari au Februari, kwa sababu mashine iliyotulia usiku wa Julai bado haijathibitisha lolote.

Kiwanda kinapoichukua kazi

Kipindi ambacho mwenye mashine alishika uamuzi wote wa kasi na joto kilikuwa kifupi. Mwaka 2008 Intel ilianzisha utaratibu wa kichakataji kujiongezea kasi chenyewe pale ambapo joto na umeme vinaruhusu, na muda mfupi baadaye haki ya kufungua kufuli ya kasi ikawa bidhaa inayouzwa kwa bei ya juu katika vichakataji vyenye herufi K. AMD iliacha vichakataji vyake vya Ryzen vya mwaka 2017 bila kufuli, lakini vile vya mfululizo wa 7000, vilivyotoka mwaka 2022, vilisanifiwa kupanda hadi nyuzi 95 kwa makusudi na kubaki hapo wakati wa kazi nzito, kwa kuwa kiwanda kimekwisha kutumia karibu nafasi yote ambayo zamani iliachiwa mnunuzi. Hatari ya mwelekeo huo ilidhihirika mwaka 2024, pale Intel ilipokiri kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya kizazi cha 13 na cha 14 viliomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika, na ikatoa marekebisho ya programu ya ndani ili kuzuia madhara zaidi. Wanunuzi waliokumbwa na tatizo hilo hawakuwa wote wamezidisha kasi. Wengine walikuwa wameacha mashine zao kama zilivyotoka dukani.

Mabadiliko hayo yamehamisha uamuzi wa kasi, lakini hayakuhamisha kazi ya kuondoa joto. Kichakataji cha leo hujipimia joto na kujipangia mapigo, na kwa sababu hiyo kila nyuzi ambayo fundi anaiondoa hugeuka kuwa kasi bila mwenye mashine kugusa mpangilio wowote. Tofauti ya zamani kati ya kuzidisha kasi na kurudisha kasi imefutika: pesti mpya, mapezi safi, volti iliyopunguzwa kwa uangalifu na njia nzuri ya hewa huifanya mashine mpya iende kasi zaidi kwa namna ileile zinavyoifanya mashine ya "ex-UK" irudi katika hali yake. Ujuzi uliokuzwa na karakana za Kitale na Bungoma kwa sababu ya uhaba umegeuka kuwa ndio ujuzi unaohitajika hata kwa mashine ya bei kubwa.

Eneo hili sasa lina taasisi zinazoweza kuuhifadhi na kuukuza ujuzi huo: Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilicho Kakamega, kilichofikia hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Kibabii cha Bungoma, kilichopata hati yake mwaka 2015, pamoja na vyuo vya ufundi vya Kitale na Sang'alo. Kinachokosekana ni vipimo vya mahali, kwa kuwa fundi anajua kwamba mashine ya Kitale hupata moto isivyotarajiwa, na mhandisi anajua kanuni ya uzito wa hewa, lakini kanuni na uzoefu bado havijakutanishwa katika majedwali ambayo mwenye kompyuta wa Bokoli anaweza kuyatumia. Kazi hiyo haihitaji chumba chenye kiyoyozi wala mashine ya mamilioni. Inahitaji kipimajoto, vichakataji vichache vya aina moja, na mwaka mmoja wa kurekodi kwa utaratibu kuanzia bonde la Nzoia hadi miteremko ya Elgon.